Mahali pa Kuilaza Kompyuta

Ukitaka kuilaza kompyuta ya Linux mpaka izime kabisa, kisha kesho uikute na kurasa zilezile ulizoziacha wazi, lazima kwanza uchague mahali pa kuhifadhi yaliyomo kwenye kumbukumbu yake. Mahali hapo huitwa swapu. Ninasoma shahada ya uzamili katika historia, na nilipotafuta asili ya chaguo hili nilirudishwa nyuma miaka sitini, kwenye kisa ambacho hakikuanza na kukatika kwa umeme. Kilianza na uhaba.

Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kilizindua kompyuta iitwayo Atlas. Kumbukumbu yake kuu, iliyosukwa kwa pete ndogo za sumaku, ilikuwa ghali mno, ikabeba maneno 16,384 tu ya kimashine. Pembeni palikuwa na ngoma za sumaku zilizozunguka: za polepole, za bei nafuu, zenye nafasi mara sita. Timu ya Tom Kilburn ilibuni njia ya kuzifanya zote zionekane kama ghala moja. Ukurasa usiotumika ulipelekwa kwenye ngoma, ukihitajika, ulirudishwa.

Pete zile zilikuwa na sifa moja ambayo tumeisahau: umeme ulipokatika, zilibaki na kilichoandikwa. Chipu zilizozirithi, kuanzia na Intel 1103 ya mwaka 1970, zilikuwa ndogo na nafuu, lakini bila umeme hazishiki kitu. Tulipata kumbukumbu kubwa, tukapoteza ile inayodumu gizani.

Uhaba ulirudi Helsinki, Finland. Mwishoni mwa 1991 mtu mmoja wa Ujerumani, mwenye kompyuta ya megabaiti 2, alishindwa kuiunda kerneli ya Linux kutoka kwenye msimbo wake. Linus Torvalds, aliyekuwa bado mwanafunzi, akaiwezesha kerneli kupeleka kurasa diskini. Mwaka 2002 uwezo wa kuilaza mashine nzima uliingizwa kwenye kerneli ya majaribio, kutokana na kazi ya Gabor Kuti na Pavel Machek. Windows ilitenga faili maalumu kwa kazi hiyo. Linux ikatumia swapu iliyokuwepo tayari. Chumba kilichojengwa kwa ajili ya uhaba wa nafasi kikawa pia chumba cha kulala.

Ndiyo maana uchaguzi una masharti. Kizigeu, yaani sehemu ya diski iliyotengwa, ndicho chepesi zaidi. Tangu kerneli 2.6.20 ya mwaka 2007 unaweza kutumia faili, lakini ni lazima kerneli iambiwe faili hilo linaanzia wapi hasa kwenye diski, kwa sababu wakati wa kuamka mafaili bado hayajafunguliwa. Zram, inayobana data ndani ya kumbukumbu yenyewe, husaidia mashine ndogo, ila hailazi kompyuta: umeme ukiondoka, nayo imeondoka. Kuhusu ukubwa, kerneli hujaribu kuipunguza picha ya kumbukumbu, lakini haiahidi kufanikiwa. Nafasi inayolingana na kumbukumbu yote ni salama zaidi.

Swali lililonishika mimi ni jingine. Tasnifu yangu inategemea simulizi za wazee waliohamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970. Baadhi walikubali kuzungumza kwa sharti kwamba majina yao yasijulikane. Mafaili ya sauti nimeyasimba. Lakini kompyuta inapolala, kila kilichokuwa wazi huandikwa diskini kama kilivyo: majina, maandishi, hata ufunguo wa folda iliyosimbwa. Swapu ikiwa wazi, anayeiba kompyuta anaiba pia ahadi yangu kwao.

Wapo wanaoisimba swapu kwa ufunguo wa kubahatisha unaobadilika kila mashine inapowashwa. Hilo linalinda siri, lakini asubuhi hakuna wa kuifungua picha ya jana. Basi nimechagua kizigeu kinacholingana na kumbukumbu yote, ndani ya diski iliyosimbwa kwa nywila isiyobadilika. Kompyuta haiamki mpaka niiandike. Nywila ni ndefu, na kila siku inanikumbusha kwamba yaliyolala humo ndani si yangu peke yangu.