Jiwe la figo: Njia 3 za kulitoa bila upasuaji mkubwa

Jiwe dogo, chini ya milimita 5, mara nyingi hutoka lenyewe na mkojo. Likikwama, siyo lazima upasuliwe ubavu. Daktari huangalia ukubwa wake na mahali lilipo, kisha huchagua njia.

1. Mawimbi ya mshtuko: Mashine hulipiga jiwe kutokea nje ya mwili hadi livunjike, vipande vitoke na mkojo. Kwa kawaida ni kwa jiwe lisilozidi sentimita 2. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa hivi Munich, Ujerumani, mwaka 1980.

2. Kamera nyembamba: Hupitishwa kwenye njia ya mkojo. Leza inavunja jiwe, kikapu kidogo cha waya kinavuta vipande. Hukatwi popote.

3. Tundu mgongoni: Jiwe likizidi sentimita 2, hutobolewa tundu la kama sentimita 1 hadi kwenye figo, jiwe likavunjwa na kutolewa hapo.

Baadaye unaweza kuwekewa mpira mwembamba ndani ili mkojo upite. Usisahau tarehe ya kuutoa! Ukikaa miezi mingi, nao huota mawe.

Una jiwe na homa imepanda? Wahi hospitali siku hiyohiyo.