Chuma cha Mbinguni na Jembe la Unyamwezi

Burton na Speke walifika Kazeh, jirani na Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857. Wasafiri wa njia ile wameacha kurasa nyingi juu ya pembe za ndovu. Jembe halikupata sifa hiyo, ingawa kwa jembe watu walilima, walibadilishana bidhaa, hata mahari walilipa. Majembe hayo yaliletwa kutoka kaskazini, kwa wahunzi wa Usumbwa na Uzinza.

Chuma chake kilitoka wapi? Wako wapendao kujibu upesi kwamba kilianguka kutoka mbinguni, maana Sura Al-Hadid, aya ya 25, inataja kuteremshwa kwa chuma. Wafasiri wana maelezo yao juu ya aya hiyo, wala hatuwaingilii. Lakini kwa habari ya jembe, chuma chenyewe hutoa ushahidi, nao umo katika taka zilizobaki ndani yake.

Tanuri la udongo halikuyeyusha chuma, kwani chuma safi huyeyuka kwa digrii 1538. Kilichoyeyuka ni uchafu wa mawe yake, ukawa mavi ya chuma. Mhunzi aliyakamua kwa nyundo, wala hayakwisha. Mengine yalibaki ndani kama nyuzi nyembamba, zimenyooshwa na mapigo.

Sasa tazama kimondo cha Mbozi, kusini mwa nchi. Wenyeji walikijua kabla mpima ardhi W. H. Nott hajakitangaza mwaka 1930. Uzito wake hukadiriwa tani 16, na chuma chake kina nikeli kiasi cha asilimia 9. Chuma cha vimondo kiliyeyukia angani, ndani ya sayari ndogo. Kilipoanza kuganda, sehemu iliyokwisha kuwa ngumu haikupokea salfa. Salfa ikajikusanya katika majimaji yaliyosalia, mwisho ikaungana na chuma kuwa matone ya madini yaitwayo troilaiti. Pengine sayari hizo ziligongana, na vipande vya mwamba vikanaswa katika chuma kabla hakijaganda. Mbozi nayo ina vipande vya mawe ndani yake, ambavyo wataalamu walivieleza mwaka 1996.

Hakuna nyundo iliyopita hapo. Basi jembe lenye nyuzi za mavi ya chuma si kimondo: ni mawe ya kwetu, mkaa wa miti yetu, na mikono ya wavuta mivukuto, ambao ni wachache mno walioandikwa majina.