Hofu ya Kupoteza Kazi Wakati wa Maradhi

Mwalimu wa darasa awe na chaki tayari.

Swali letu ni hili: maradhi yanapoenea nchi nzima, kwa nini mfanyakazi mmoja hulala usingizi, na mwenziwe hukesha akiiwazia kazi yake?

Tuanze na zamani, hapa hapa Ugogo. Tangu mwaka 1917 hata 1920 palikuwa na njaa kuu ambayo wazee waliiita Mtunya. Majeshi ya Wadachi, kisha ya Waingereza, yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikakosekana. Mwishoni mwa 1918 ikaja homa ya mafua iliyoenea duniani kote. Ilimkuta mtu hana kitu ghalani wala zizini. Inakisiwa kwamba katika miaka hiyo walikufa Wagogo 30,000 kati ya 150,000. Basi sababu ya kwanza ya hofu ni kukosa akiba.

Sasa tuje mwaka 2020. Tarehe 16 Machi alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Tanzania. Siku ya pili yake shule zikafungwa. Tarehe 12 Aprili ndege za abiria kutoka nchi za nje zikazuiwa, mpaka Mei. Watalii walikuwa zaidi ya 1,500,000 mwaka 2019. Mwaka 2020 walikuwa 620,000 hivi. Mpishi wa hoteli Unguja na mpagazi wa Kilimanjaro waliona kazi ikiondoka bila kosa lao. Sababu ya pili, basi, ni aina ya kazi.

Hapa Mtumba, Mji wa Serikali ulikuwa umezinduliwa Aprili 2019, na mwaka 2020 Serikali haikuwafungia watu majumbani. Kibarua aliweza kwenda kazini. Lakini karani aweza kuandika barua akiwa kwake. Mwashi hawezi kujenga ukuta wa ofisi akiwa kwake. Kibarua akiugua, siku hiyo hana ujira. Aliogopa maradhi, akaogopa na njaa.

Sababu ya tatu ni masharti ya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka kwamba, baada ya mwezi wa kwanza kazini, alipwaye kwa mwezi apewe notisi isiyopungua siku 28 kabla ya kuachishwa. Alipwaye kwa siku au kwa juma, siku 4. Mwalimu, andika ubaoni: 28 kutoa 4. Jibu ni siku 24. Katika siku hizo mtu aweza kutafuta kazi nyingine, au kuomba mkopo kwa ndugu. Kibarua hanazo.

Basi mtu akipewa karatasi ya kazi, asitie dole gumba kabla ya kuisoma. Atazame kwanza: nalipwa kwa siku, au kwa mwezi?

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Taja sababu tatu za hofu.
2. Mwaka 2020 wewe ulikuwa ukilipwaje?
3. Je, karatasi yako ya kazi umeisoma?

Kwaherini mpaka juma lijalo.