TP Mazembe: klabu iliyozaliwa shuleni, ikabadilisha majina bila kufa

Mwezi wa Novemba 2024, wasichana wa TP Mazembe walichukua kombe la mabingwa wa Afrika kwa wanawake huko Morocco, baada ya kuwafunga wenyeji AS FAR bao 1-0. Wapo walioshangaa: kumbe Mazembe si ekipe moja tu? Jibu liko katika historia ya klabu hiyo, inayoanzia shuleni.

Mwaka 1939, Lubumbashi ilikuwa bado inaitwa Élisabethville. Mapadri Wabenedikto walioongoza shule ya Saint-Boniface walitafuta shughuli ya kuwapa wanafunzi ambao hawakuwa wakisomea upadri. Wakaunda ekipe ya kabumbu, wakaiita Saint-Georges, jina la mtakatifu msimamizi wa maskauti. Vijana hao waliingia moja kwa moja daraja la kwanza, na msimu ulipoisha walikuwa nafasi ya 3.

Mwaka 1944 jina likawa Saint-Paul. Baadaye wachezaji kutoka nje ya shule walianza kuingia, na mapadri wakaacha uongozi. Klabu ingeweza kufa hapo. Lakini ilipata mfadhili, kampuni ya matairi ya Englebert, na kuchukua jina lake.

Baada ya uhuru wa 1960, Englebert ilijipanga upya. Mwaka 1966 ilimaliza shampiyona bila kupoteza mchezo hata mmoja, na toka hapo ikaitwa Tout Puissant, yaani Mwenye Nguvu Zote. Ndizo herufi TP ambazo watu wanazitaja mpaka leo.

Mwaka 1967 ilifika fainali ya kombe la mabingwa wa Afrika dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana. Mchezo wa kwanza ulikuwa 1-1, wa pili 2-2. Ikabidi kurudia, lakini Kotoko hawakufika, na kombe likabaki Congo. Mwaka 1968 Englebert ilishinda tena, mbele ya Étoile Filante ya Togo. Ilikuwa klabu ya kwanza Afrika kuchukua kombe hilo mara 2 mfululizo.

Kisha vikaja vipindi vigumu. Ilipoteza fainali ya 1969 mbele ya Ismaily ya Misri, na ile ya 1970 mbele ya Kotoko. Jina la Englebert likaondoka, likaja la Mazembe. Mwaka 1980 ilipata kombe la washindi wa makombe, lakini kombe kubwa la mabingwa lilingojewa miaka 41, hadi 2009. Mashabiki waliokuwa watoto mwaka 1968 walikuwa sasa babu na nyanya.

Mwaka uliofuata ilishinda tena, halafu huko Abu Dhabi ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya kombe la dunia la vilabu. Iliwafunga Pachuca ya Mexico na Internacional ya Brazil, ikashindwa na Inter Milan 3-0. Kipa Robert Kidiaba, aliyeshangilia kwa kurukaruka akiwa amekalia makalio, aliigwa na watoto kila mahali.

Mwaka 2012 ikaanza akademi ya Katumbi ya kufundisha vijana. Ni kama klabu ilirudi kule ilikotoka: kwa wanafunzi. Ekipe kubwa ndiyo inayoonekana, lakini inasimama juu ya zile ndogo.

Historia hii inawagusa pia watu wa mashariki. Goma ina Dauphin Noir na Virunga, Bukavu ina Muungano na Dawa. Tangu miji hiyo miwili iingie mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025, wengi waliozoea kwenda uwanjani kuzitazama wako mbali na nyumbani. Mtu anaweza kudhani kwamba klabu ikikosa uwanja na watu wake, imekwisha.

Mazembe inaonyesha vingine. Iliachwa na waanzilishi wake, ikabadilisha jina zaidi ya mara moja, ikangojea kombe miaka 41. Ilibaki kwa sababu kulikuwa na vijana waliojipanga 11, na wakubwa waliokubali kuwaongoza. Pale familia zilizohama zilipofikia, watoto wanaofukuzana na mpira wa masashe yaliyofungwa kwa kamba wako pale pale walipoanzia wanafunzi wa Saint-Georges. Kinachohitajika ni mkubwa mmoja wa kuwapangia ekipe.