Nyayanga: Zana za Mawe na Nyama ya Kiboko

Maji ya mvua ndiyo yaliyochimba korongo hili la Rasi ya Homa na kufichua mifupa na mawe. Watafiti, pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walianza kuchimba mwaka 2015 wakapata zana 330 zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3.

Zana ni za aina tatu tu: jiwe la kugongea, jiwe linalogongwa, na vibanzi vyenye makali vinavyobanduka. Mawe ya karibu ni laini mno, kwa hiyo mengine yalibebwa kutoka umbali wa hadi kilomita 13.

Baadhi ya zana zilikutwa katikati ya mifupa ya viboko. Ubavu mmoja bado una chale ya kibanzi. Moto ulikuwa haujaanza kutumika, hivyo nyama ililiwa mbichi. Huenda kuipondaponda kwanza kulisaidia meno.

Hapa pia palipatikana magego mawili ya Paranthropus, jamaa wa binadamu mwenye taya nene, aliyekwisha kutoweka. Huenda fundi wa zana hizi alikuwa yeye.

Usiokote jiwe wala mfupa: eneo linalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006.