Maafa Yenye Mtenda: Urithi Uliofichwa katika Riwaya ya Kwame Mbalia

Riwaya ya Kwame Mbalia, Tristan Strong Punches a Hole in the Sky, iliyochapishwa Marekani mwaka 2019, imeandikiwa watoto wanaokaribia ujana. Tristan, mvulana wa Chicago, anapelekwa kwa babu na bibi yake huko Alabama baada ya rafikiye Eddie kufa katika ajali ya basi. Ameachiwa daftari la ngano alizokusanya marehemu. Daftari hilo linapoibwa, mvulana anamfuata mwizi na, kwa pigo la ngumi, anapasua anga ya ulimwengu mwingine. Huko wahusika wa fasihi simulizi ya Wamarekani Weusi, akiwemo Brer Rabbit, wanaandamwa na pingu zilizo hai na merikebu za mifupa zitokazo katika bahari iwakayo moto.

Urithi unaorejeshwa hapa haukufichwa kwa kunyamazishwa, bali kwa kutiwa kinywani mwa mwingine. Mwaka 1880, Joel Chandler Harris, Mzungu wa Georgia, alichapisha ngano za Brer Rabbit zilizosimuliwa na watumwa, akazikabidhi kwa Uncle Remus, mzee aliyebuniwa ili amtumbuize mtoto wa Kizungu. Kampuni ya Disney ilizifanyia filamu mwaka 1946. Kwa kinaya cha historia, riwaya ya Mbalia nayo imetolewa na tawi la uchapishaji la Disney. Hata hivyo, nafasi ya msimulizi imebadilika. Tristan anaitwa Anansesem, neno ambalo katika lugha ya Waakan humaanisha hadithi za Anansi. Jina la hadithi limefanywa jina la mwenye kuzisimulia.

Kwa msomaji wa Kiswahili, jina lenye uzito zaidi ni lile la merikebu iliyo kitovu cha uovu: Maafa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, msomi Marimba Ani alilieneza neno hili miongoni mwa Wamarekani Weusi kuwa jina la utumwa wa Atlantiki, ambao ulipakia merikebuni Waafrika takriban milioni 12.5. Wengi wao walitoka Afrika Magharibi na Afrika ya Kati, mbali na Waswahili. Neno hilo basi halikuvuka bahari pamoja na mateka. Wajukuu wao ndio waliolichagua, kama sherehe ya Kwanzaa ilivyopewa jina la Kiswahili mwaka 1966. Urithi, kwa maana hii, haupokewi tu, huchaguliwa pia.

Lakini katika Kiswahili cha kila siku, maafa ni mafuriko, njaa au ajali. Maafa hutokea; hayatendwi. Hapa ndipo fantasia ya Mbalia inapolitia neno hili maana ambayo wenye lugha hawakulipa. Nyuma ya merikebu hiyo yupo Uncle C, na herufi hiyo ni ya pamba. Maafa yamepatiwa mtenda, na mtenda amepatiwa faida aliyoitafuta.

Swali hilo hilo linarudi pwani ya Afrika Mashariki. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe ulidumu kisheria visiwani hadi 1897, na katika pwani ya Kenya hadi 1907. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa mwaka 1934, kiliandikwa na mzawa wa jamii ya watumwa walioachwa huru wa Frere Town. Kinywa ni cha mwenyewe, ila sifa zimeelekezwa kwa Mwingereza aliyewakomboa. Mtumwa ametajwa na mkombozi ametukuzwa, lakini mashamba yaliyowahitaji watumwa hao hayakuwekwa katikati ya kisa.

Kazi ya watoto haina budi kurahisisha, na pepo wa pamba si maelezo kamili ya historia. Hata hivyo, inamfundisha mtoto kuuliza nani alitenda, na kwa manufaa gani. Mtunzi wa Kiswahili atakayewaandikia watoto juu ya utumwa wa pwani anao mhusika wa kumtafuta. Huenda akamkuta Unguja na Pemba, akinukia karafuu.