Boti za mbao za Minova: fundi anajenga, lakini uzito unaamuliwa bandarini

Minova iko katika grupema ya Buzi, teritware ya Kalehe, kaskazini-magharibi ya Ziwa Kivu. Ili kufika Goma kuko njia mbili: barabara ya Sake ao ziwa. Tangu Februari 2024, wakati vita ilipofika Sake na barabara ikafungwa, ziwa njo ilibeba karibu kila kitu: watu, mihogo, ndizi, makala, mbuzi. Boti za mbao zikaanza kufanya kazi ya malori.

Mtu wa Mombasa ao Zanzibar akifika huku anashangaa: tanga ziko wapi? Kule pwani jahazi zilitegemea kaskazi na kusi, pepo zinazovuma upande mmoja kwa miezi mingi. Hata Ziwa Tanganyika lilijua tanga zamani, kupitia wafanyabiashara wa Ujiji. Kivu ni kitu kingine. Ziwa liko juu, karibu mita 1.460, limezungukwa na milima. Mchana upepo unatoka ziwani, usiku unashuka toka milimani, na kila rasi inaugeuza kivyake. Kiangazi, kuanzia Juni, upepo wa kusini-mashariki unakuwa mkali na mawimbi yanapata nafasi ndefu ya kukua mbele ya kufika upande wetu. Kwa hiyo wazee walipiga kasia, na watoto wao wakanunua moteri.

Mtumbwi wa zamani ulichongwa ndani ya mti mmoja, kwa shoka na tezo. Miti minene ya namna ile imekuwa ya kutafuta, basi leo fundi anafanya na mbao. Anaanza na mti wa chini, ule mgongo wa boti. Anasimamisha mbavu, kisha anapigilia mbao moja moja toka chini kwenda juu. Kazi ya subira ni kuziba: kila nafasi kati ya mbao inasukumiwa pamba, halafu inapakwa gudroni. Boti ya mbao haiishi kuzibwa. Ikikauka kwa jua, mbao zinajikunja na maji yanapata njia, njo maana kila boti iko na kijana mmoja na kopo lake la kuchota maji.

Wavuvi wa sambaza wako na akili yao. Wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wanashusha wavu katikati, wanawasha taa usiku ili samaki wapande. Wakati wa mwezi mkubwa hawapati kitu, juu sambaza hawafuate taa tena. (Sambaza wenyewe ni wageni: walitolewa Tanganyika wakaletwa Kivu mwaka 1959.) Mitumbwi ile mitatu inapinduka kwa shida sana, kwa sababu ni mipana na uzito wake uko chini.

Boti ya abiria haina mikono ile. Inasimama kwa sababu moja tu: uzito ukae chini. Mifuko ikiwa chini na watu wameketi, boti ikiinama inarudi yenyewe. Watu wakipanda juu ya mifuko, ao juu ya paa, nguvu ya kurudi inapungua. Maji kidogo yakiingia yanakimbilia upande ulioinama, na yanaongeza mzigo palepale. Hapo dakika chache zinatosha.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi ilitoka Minova na kupinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wa nchi kavu wakiangalia. Gavana wa Kivu ya Kusini, Jean-Jacques Purusi, alitangaza kwamba ilibeba watu 278 na kwamba waliokufa ni 78 ao zaidi. Miaka mitano mbele, Aprili 2019, boti ingine ilizama upande wa Kalehe, na Rais Tshisekedi alipokuja aliamuru kila abiria avae jile.

Jile ni muhimu, lakini haizuie boti kupinduka, na mtu aliyeketi chini ya shiti inaweza kumbana ndani. Wengine wanasema ni gazi ya ziwa inayovuta boti. Hapana: gazi ile imeyeyuka ndani ya maji ya chini sana, mamia ya mita.

Fundi anajua boti yake inaweza kubeba kiasi gani. Yeye hayuko bandarini wakati wa kupakia. Pale kuko mwenye boti, mwenye mifuko, na abiria ambaye ameshalipa na hataki kulala Minova. Mbele ya kupanda, simama kwanza ufukweni uangalie ubavu wa boti. Mbao ya juu ikibaki kiganja kimoja tu juu ya maji, na bado wanaita watu, ngoja ingine. Ukipanda, keti chini, na mkikaribia bandari msisimame wote upande mmoja kutafuta mizigo.